Ukurasa wa Tisa

Machi. Bomba la jikoni bado limeganda.
Dada yangu amefungua kitabu cha muuza vifaranga wa Roberval,
kidole juu ya kuku mweupe, mwembamba,
undu wake umelalia jicho moja kama kofia ya mhuni.
"Mayai mia tatu kwa mwaka," anasoma,
kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Namwuliza: mangapi ya Januari?

Maana ni mimi niliyeamka mwaka ule,
kipimajoto kimezama chini ya thelathini,
nikawapaka mafuta ya mgando mmoja mmoja,
undu kwa undu,
kama mama apakaye watoto kabla ya shule.
Na bado ncha zikawa nyeusi,
zikakauka, zikadondoka kwenye maranda.
Kuku mwenye maumivu hana deni na mtu.

Mimi namtaka huyu.
Huguette anacheka: "Huyu? Huu ni mto wenye miguu!"
Ndiyo, mto. Manyoya juu ya manyoya,
undu kama haragwe lililobandikwa kichwani,
shavuni hana cha kuning'inia.
Baridi itamshika wapi?
Mayai yake mia na themanini, ya kahawia, wala si makubwa,
lakini hutaga hata siku zile jua
linapochelewa kazini na kutoroka saa kumi kasoro.

Waliosema mchagua nazi hupata koroma
hawakuwahi kuchagua kuku wa theluji.

Tuliandika oda kwa penseli: sita wake, sita wangu.
Hatukusemeshana hadi chakula cha jioni.

Leo ni tarehe kumi na moja Januari.
Nimechimba njia kwa koleo hadi bandani.
Taa inawaka tangu alfajiri
(hilo lilikuwa wazo la Huguette, nakiri).
Weupe wake wamejikunyata juu ya kichanja.
Wangu wanachakura
kana kwamba Julai imefukiwa chini ya maranda.
Mayai mawili ya kahawia, yana joto bado.
Na jeupe moja, limepasuliwa na barafu,
ute umetokeza ufani, mgumu kama nta.

Nayarudisha yote matatu ndani ya soksi ya sufu.
Huguette anachukua lake, lile la ufa,
analikaanga bila neno,
analila amesimama, uso dirishani.
Kisha anauliza, kama asiyetaka jibu,
ule ukurasa ulikuwa wa ngapi?