Ndoo ya Maswali, Kitangari

Ndoo ilikuwa ya kupimia salfa;
tumeiosha mara tatu, na bado Nampoto
hupiga chafya kila akifungua mfuniko.
Tuliutoboa tundu, upana wa kikaratasi,
tukaitundika ghalani, zinapopimwa korosho:
pale kila mtu ana sababu ya kupita.

Jumamosi tunasoma kwa sauti. Jina halitajwi.
"Sindano ya miezi mitatu inakausha kizazi?"
"Nikienda zahanati, mama mkwe ataambiwa?"
Kimoja kimeandikwa kwa mkaa: "Inawasha. Naogopa."
Wa nyuma wanacheka, halafu hawacheki.

Walituambia mwanzoni: nyie watoto wa juzi,
unga wa unyago bado u kichwani,
mtatufunza nini?
Hatukujibu. Tuliosha ndoo.

Leo kikaratasi cha nne kina herufi k
yenye mkia uliokunjwa kama ndoano.
Naijua k hiyo. Miaka yote imeandika "kilo"
kwenye daftari letu la korosho.
"Nina saba. Nataka kupumzika, yeye asijue. Ni dhambi?"

Mimi ni wa tatu kati ya hao saba.
Nampoto akanigusa kiwiko: soma, Somoe.
Nikasoma. Nikajibu, macho nimeyatupia mizani:
njia zipo, siri ni yako,
nesi yupo Jumanne na Alhamisi.
Kwenye mkeka wa nyuma
mtu aliendelea kumenya karanga,
hakuinua kichwa.

Usiku, akinipakulia ugali wa muhogo,
aliuliza tu, kama anayeuliza chumvi:
"Hiyo Jumanne, saa ngapi?"