Mstari wa Unga

Mwaka wa kwanza walikuwa kumi na mmoja,
kumi na wawili ukimhesabu mbwa wa Mwashambwa
aliyefika Ilomba akakumbuka kwao.
Mstari tuliuchora kwa unga wa sembe, Mwanjelwa,
mbele ya duka la mbolea.
Kuku wakaula kabla filimbi haijalia.

Mimi nilishika saa.
Saa ya reli, ya stesheni ya Iyunga,
niliyokabidhiwa kwa sahihi.
Treni zilichelewa siku mbili, saa yangu haikuchelewa dakika.
Nilishika na daftari,
na ile baridi ya Julai inayogandisha wino,
kalamu nikaipulizia kama mtu anayewasha mabua mabichi.

Njia aliipima Nsojo kwa baiskeli:
kitambaa chekundu kwenye tairi,
mwanawe kwenye keria akihesabu mizunguko.
Kufika Mlima Nyoka mtoto akasinzia.
Miaka tisa baadaye walikuja wapimaji wenye vyombo,
wakatuambia kumbe mabingwa wetu wote
walikimbia kilomita tatu za bure.
Hakuna aliyedai arudishiwe.

Anyosisye alianza na mabuti ya mvua.
Sae akayavua, akamwachia mama wa viazi,
akamaliza pekupeku, wa kwanza,
akapewa gunia la mahindi
asijue atalifikishaje kwao.

Na jina la kumi na moja: Gwamaka Mwambeta,
fundi wa majiko ya bati, Uyole.
Njia ilipita mlangoni kwake.
Kwenda, alipita. Kurudi, akanusa
maharage ya mkewe, akasema, naingia mara moja.
Nilimngoja hadi Loleza ikamezwa na giza.
Jina nikaliacha, mbele yake pakiwa peupe.
Kila nilipokutana naye sokoni aliniwahi:
“Karani, usifunge daftari. Bado niko njiani.”

Mwaka wa tatu, themanini.
Mwaka wa tano, masista wawili, raba chini ya kanzu.
Wa saba, ukungu:
tuliwasikia wakihema kabla hatujawaona.
Wa nane, malori ya Tunduma yalisimamishwa kwa saa mbili,
dereva mmoja wa Kongo akashuka kugomba,
akaishia kugawa machungwa.
Wa kumi na moja, ukurasa ni mtupu.
Lori lilikatika breki mteremko wa Iwambi, wiki moja kabla,
na mji haukuwa na miguu.

Kisha wakaja watu wa simu, na watu wa benki,
fulana za rangi moja, spika ndefu kama minazi
tusiyokuwa nayo huku.
Wakimbiaji wakafungwa kidude kwenye kamba za viatu,
mstari ukahamia uwanjani,
ukawa zulia la mpira linalolia pii, pii,
na kila pii ni mtu.
Kijana wa kompyuta aliniita bibi,
akanipa kiti na chupa ya maji.
Alikuwa na adabu. Sikuwa na kazi.

Mwaka huu, elfu sita.
Sikwenda uwanjani.
Nilisimama Mwanjelwa, lilipokuwa duka la mbolea;
sasa wanauza vioo vya simu.
Sijui nilimngoja nani.
Saa nane mchana akatokea,
raba za mjukuu wake, fimbo mkononi,
akibishana na bodaboda aliyetaka kumpakia bure.

“Mstari uko wapi?”
Nikamwonyesha, chini ya mwamvuli wa muuza vocha.
Akauvuka, akashika magoti,
akakaa hivyo kwa muda.
“Leo nimepita mlangoni kwangu,” akasema.
“Hapakuwa na harufu.”

Nilifungua daftari, ule ukurasa wa kwanza.
Kalamu ilikataa, nikaipulizia.
Miaka kumi na tisa, saa nane, dakika nne.
Sekunde nikamsamehe.