Mapovu

Nje ya Al Kamil, mita mia nne chini,
tumelitoa jiwe jeusi, refu kama mkono wa mtu,
tukalifungia mkebeni upesi, lisije likakata roho.
Kisha tukakaa kuhesabu mapovu.

Moja. Kimya. La pili.
Shinuna ameshika saa, mimi daftari,
na wali wa mchana umeganda sahanini.

Mama yangu, mzaliwa wa Ng'ambo,
alipuliza makaa hadi macho yakamwiva.
Nikimwambia kwa simu kwamba makaa haya hatuyachomi,
twayafyonza pumzi tu, hucheka:
"Na moshi je, mtauficha wapi?"
Haba, mama. Sikusema haupo.

Saa nane usiku. Povu la mia na sita.
Wizara inataka tarakimu kabla ya Alhamisi.

Lakini gesi haitoki mpaka maji yatoke kwanza,
na jana Muhanna, kijana wa falaji,
alisimama kando ya mtambo
na kijiti chake cha kupimia zamu,
akauliza moja tu:
maji hayo ya nani?

Nimeliandika pembeni mwa ukurasa,
pasipo na safu ya jibu.