Baada ya Kuzama

Tangazo linasema: nafasi tatu,
utafiti baada ya uzamivu, sayansi na uhandisi,
mkataba wa miaka miwili, unaweza kuongezwa,
unaweza usiongezwe.
Nimelisoma kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Nkuhungu,
debe la mtama miguuni,
simu ina chaji asilimia kumi na moja.

Uzamivu. Sijui nani alilichagua neno hili.
Miaka sita nimezama
katika nchi ambayo mto wake ni mchanga miezi minane.
Nimezamia karatasi, nimezamia mifupa:
kila Jumanne, machinjioni Kizota, na kiroba,
kuomba mapaja ya ng'ombe yaliyokwisha kunyofolewa,
niyachome, niyasage, niyachujie maji ya kisima
yale yanayotia meno kutu.
Sembuche, mchinjaji, aliniita Daktari wa Fisi.
Jina lilifika maabara kabla ya cheti.

Na mji wenyewe, wanasema, ulipewa jina
na tembo aliyekuja kunywa akadidimia.
Hakuna anayesimulia alivyotoka.
Ningependa kuwauliza hilo, waheshimiwa wa kamati,
lakini fomu haina nafasi ya maswali ya mwombaji.

Fomu inataka maneno mia mbili.
*Eleza umuhimu wa utafiti wako kwa jamii.*
Nimeandika: floridi, miligramu nne kwa lita.
Nimefuta.
Nimeandika: binti wa dada yangu, Mbeleje, ana miaka tisa,
anacheka kwa kufunika mdomo na kiganja.
Nimehesabu. Maneno kumi na manne.
Yaliyobaki, mia moja themanini na sita,
sijui niyapeleke wapi.

Kipengele cha saba: uzoefu.
Profesa Mlewa kanishauri nisilitaje duka,
mwaka ule mzima nilipouza vipuri vya pampu Majengo
nikisubiri barua ambazo hazikuja.
Lakini ni pale, juu ya kaunta yenye grisi,
nilipoona chumvi inavyotafuna chuma kutoka ndani,
nje kunang'aa, ndani kumekuwa ungaunga.
Hakuna jarida lililonionyesha hivyo.
Nimelitaja duka. Nimeandika na jina lake: Tumaini Spea.

Mama anauliza, hii ni kazi au ni shule tena?
Nikamwambia ni katikati.
Akapepeta mara mbili, tatu, makapi yakaruka,
akasema: mtama haufi mwanzo wala mwisho, mwanangu,
mvua hukatika katikati.
Kisha akaniomba, kwa kuwa mimi ni daktari,
nimwandikie dawa ya mgongo.

*Pakia picha ya hivi karibuni.*
Nimepakia ile niliyofumba mdomo.

Saa sita kasoro kumi usiku, mwisho ni saa sita.
Nimebonyeza. Kiduara kinazunguka,
kinazunguka, mtandao wa Nkuhungu una mwendo wake,
umefika asilimia sitini umekaa hapo
kama punda aliyeona daraja.
Uani, ndani ya pipa la mkaa,
mfupa umepasuka, pa!
Nimeiacha simu juu ya ndoo nikaenda na koleo.
Mweusi, bado unanuka.
Mweupe, umepitiliza.
Huu una kijivu cha njiwa.
Nimeuweka kwenye sahani ya bati, upoe,
nimechuchumaa kando yake,
sijageuka bado kutazama simu.