Mama Yangu Si Sifuri

Barua ilitoka Viljandi, kwa wino wa buluu,
mwandiko umelala upande kama shayiri baada ya mvua:
"Katika orodha yenu ya waokaji mikate wa mji
mama yangu, Salme, mmempa namba sifuri.
Alioka miaka arobaini na mmoja.
Mama yangu si sifuri.
Ni mimi, Hilja."

Liivika aliisoma mara mbili, kahawa ikipoa.
Saa tatu asubuhi, na dirisha bado jeusi;
Januari ya Estonia haina macheo
ya kumwanzishia mtu hesabu ya saa.

Akafungua kiolezo,
mistari saba ya kurithi, ya kijana aliyehamia Riga:
kwa kila mtaa, fanya hivi;
kwa kila mwokaji wa mtaa huo, fanya vile;
andika namba, andika jina, weka mkato, rudi juu.
Na mashine, tiifu kupita kiasi,
ikaanza kuhesabu pale inapoanzia siku zote,
pasipo na kitu.

"Ongeza moja," alisema Urmas, bila kuvua koti.
"Moja tu, twende tukale."
Akaongeza. Salme akawa wa kwanza.
Lakini kwenye Mtaa wa Kinu hesabu ikaanza upya,
na mtaa uliofuata, upya tena,
mji mzima ukajaa wa kwanza, kila mtaa na wake.
Ukiuliza, ukiwa ndani, "Huu ni mtaa wa ngapi?"
hupati jibu:
mzunguko mdogo umevaa jina la mkubwa
na kumfunika mzazi wake gubigubi.

Basi hakurekebisha orodha. Aliirekebisha lugha.
Wiki tatu, usiku, mtoto akilala chumba cha pili,
akaufundisha kila mzunguko kumjua mzazi
na kujibu ukiulizwa:
wewe ni wa kwanza? wa mwisho?
nyuma yako wamebaki wangapi?

Urmas alikunja uso. "Na tovuti za watu?
Maelfu zimezoea sifuri.
Utawaamsha kesho, kila kitu kimesogea hatua."
Wakabishana mpaka supu ikaganda.
Sifuri ikabaki, kwa jina lake la zamani, kwa ajili ya mashine;
kando yake wakaweka neno jipya, "nafasi",
linaloanza na moja, kwa ajili ya akina Hilja.

Machi, theluji ikigeuka tope,
barua ya pili, wino uleule:
"Asante. Nimeiona moja ya mama.
Lakini sikulala, si haki.
Kabla yake tanuri lilikuwa la Juula,
ndiye aliyemfundisha kukanda kwa viwiko.
Jina la ukoo silijui. Mwekeni juu ya mama."

Liivika akaandika: Juula.
Ukoo, wazi. Mwaka, wazi.
Akahifadhi.
Hakugusa namba hata moja.
Salme akashuka mwenyewe hadi mbili,
na nyuma yake wengine, mmoja mmoja, wakasogea,
kama watu benchini wakimpisha aliyechelewa,
unga bado mikononi.