Mng'oko Namba Arobaini na Moja

Niliingia kichaka cha Nyangamara na kamba ya katani,
vigingi vinane, daftari la mraba
na vibati mia mbili nilivyokata kwenye makopo ya maziwa,
kila kimoja nimekigonga namba kwa msumari.
Nikaifunga ming'oko shingoni, mmoja mmoja:
wewe bado mche, jani moja tu, nakuandika M;
wewe kijana, umeshaparamia mti wa jirani, K;
wewe mzee, mbegu zako zina mabawa, Z.

Hesabu yenyewe haina makuu.
Katika miche mia, mingapi itaona mvua ijayo?
Katika vijana, wangapi watabaki vijana,
wangapi watazeeka, wangapi watachimbwa Alhamisi,
wachemshwe na chumvi, wauzwe kwa mafungu
Mnazi Mmoja, basi likipunguza mwendo?
Unazipanga namba safu tatu, nguzo tatu,
unazidisha, jibu unalirudisha ndani, unazidisha tena,
kama atwangaye kinu kilekile,
hadi ibaki namba moja isiyolainika zaidi.
Ikizidi moja, kichaka kinakua.
Ikipungua, kinakwenda,
polepole, kwa adabu,
pasipo mtu kusikia mlango.

Yangu ilikuja sifuri nukta tisa moja.
Chini ya taa ya sola nikaisukuma miaka hamsini:
katika kila mia unabaki mmoja,
na huo si mzima.
Kwenye sababu nikaandika neno moja: wachimbaji.

Ndipo Biti Nachenga akanikuta, muo begani,
naweka msalaba kwenye arobaini na moja.
Mvua mbili haujaota.
"Unamzika nani?"
Nikamwonyesha misalaba yote, thelathini na miwili.
Akachutama, akagonga ardhi kwa kifundo cha kidole,
akachimba pembeni, taratibu, kama atoaye mwiba:
huo hapo, mweupe, mnene, hauna hata uzi wa shina.
"Umenuna tu. Mwaka juzi jua lilikuwa kali.
Kuna unaolala mvua moja, kuna unaolala mbili.
Wewe ukiumwa usitoke nje, tunakukatia sanda?"
Akakata chini, akatia kikapuni,
kichwa akakirudisha shimoni, akakandamiza kwa kisigino.
"Na hili umeliandika?"

Sikuwa nimeliandika.

Nikaongeza safu ya nne na nguzo ya nne: L, iliyolala.
Usichokiona unakihesabuje?
Kwa kurudi kwake. Nikangoja mvua mbili zaidi,
nikafuta misalaba hadi karatasi ikatoboka.
Nikatwanga upya. Nukta tisa nane.

Ningependa kusema ilivuka moja.
Haikuvuka.
Nikaigusa kila namba kwa ncha ya penseli
nione ipi inatikisa jibu.
Mbegu niliziongeza maradufu: jibu halikusogea hata unywele.
Lakini pale kichwa kinaporudi shimoni,
niliongeza kidogo tu, na jibu likainuka
kama mtoto aliyeitwa jina lake.
Na kuna jambo halina safu wala nguzo:
kamba ya mtu mwingine, upande wa mashariki,
apimaye kichaka hikihiki apande mikorosho.

"Haitoshi kidogo," nilimwambia Biti Nachenga.
"Kidogo kama nini?"
"Kama ming'oko miwili katika kila mia."
Akacheka bila furaha.
"Miwili ni chakula cha mtoto mmoja, usiku mmoja.
Mtoto gani?"

Januari, baada ya mvua ya tatu,
nilikuta kibati chenye kutu kimeinuliwa kutoka chini.
Arobaini na moja. Kile kichwa.
Jani moja, jembamba, linang'aa kama limelambwa.
Mzee huyu, au mche?
Daftari liko magotini, penseli iko hewani,
na mvua imeanza kuingia kwenye safu.