Dakika Mia Moja na Saba

Saa mbili na dakika tatu asubuhi, zahanati ya Namkulya, Newala.
Nabonyeza saa, naandika: mgonjwa wa kwanza amefika.
Mgonjwa si mgonjwa. Ni Somoe Nandonde,
tumempatana kwa elfu kumi na tano na soda,
tukampa karatasi ya kuigiza:
anaharisha maji kama ya kuoshea mchele,
anatapika, juzi katoka ng'ambo ya Ruvuma.
Aliikunja bila kuisoma, akaifunga kwenye pindo la kanga.
"Haya nayajua," akasema.

Sisi ni watafiti. Kazi yetu kuuliza
balaa likipiga hodi nani ataitika,
na baada ya muda gani.
Muda wa kumtambua, muda wa kumtenga,
muda wa simu kupanda wilayani, kushuka Mtwara:
kila muda na kisanduku chake,
kila kisanduku kimeachama, kinangoja tarakimu.

Dakika ya tisa, muuguzi Ausi anambana ngozi ya mkono,
anaiachia, anaitazama inavyorudi,
analitaja gonjwa kwa jina lake.
Vizuri. Naandika: tisa.
Sasa chumba cha kutengea. Chumba kipo.
Chumba kina kufuli, kufuli lina ufunguo,
ufunguo anao Bwana Likwachala wa stoo,
na Bwana Likwachala yuko mnadani,
leo korosho zinauzwa.
Simu yake inaita. Inaita.
Bei ikitajwa, nani husikia simu?

Dakika ya thelathini na moja.
Somoe kainamia ndoo tupu.
Hakuna aliyemfundisha kuinama vile,
vidole vimeng'ang'ania ukingo,
goti moja linatetemeka, moja limetulia.
Mama aliyeleta mtoto chanjo anahama benchi,
anamfunika mwanawe uso.
"Ni majaribio tu, mama," namnong'oneza.
Hanitazami. Anamtazama Somoe.

Klorini ipo, makopo mawili, muda wake haujaisha.
Maji ya kuichanganyia ndiyo hakuna:
tangi la mvua limebaki tope,
na dumu kutoka bondeni ni shilingi mia saba,
ambazo kwenye bajeti ya dharura hazimo.
Zimo kwenye "mengineyo".
Mengineyo yaliisha mwezi wa nane.

Dakika mia moja na saba ufunguo unafika kwa pikipiki,
unanuka gunia.
Mlango unafunguka: vitanda vitatu,
na juu ya vitanda, hadi darini,
viti vya plastiki vya harusi ya mtu.

Nabonyeza saa. Zoezi limekwisha.
Watu wanacheka, Ausi anajifuta jasho,
soda zinafunguliwa.
Somoe bado kashika ndoo.

"Mwaka ule," anasema, "saa hatukuwa nayo.
Tulihesabu kwa kanga.
Ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa, ya tatu.
Ya nne nilimfunika."
Jina hakulitaja.
Nami kwenye fomu sikuwa na pa kuliandika.

Kisha akauliza: "Mtarudi lini?"
Nikamwambia, baada ya miezi sita, kupima tena.
"Basi siku hiyo msinipe karatasi.
Nipeni ufunguo."

Usiku, gesti ya Newala mjini.
Umeme unakuja, unakatika, unakuja.
Najaribu kupiga hesabu: kanga moja ni dakika ngapi?
Kanga ya pamba, mtoto wa miaka miwili,
njia ya mchanga, usiku.
Kikokotoo kinanisubiri, nami nakisubiri.

Fomu ina mstari mmoja: *Sababu ya kuchelewa,
maneno yasizidi kumi.*
Naandika "ufunguo", nafuta.
Naandika "mnada", nafuta. Korosho ina kosa gani?
Naandika "maji", karatasi inatoboka.

Pembeni ya tundu, kwa herufi ndogo, naandika:
Ufunguo wa akiba apewe Somoe Nandonde, anakaa nyuma ya zahanati.

Nahesabu kwa kidole.
Ni kumi.